Mnazi Ulioandikwa Mnazi

Jumatatu, 29 Machi 1943. Magogoni

Mume wangu Mwarandu ameniletea kutoka bandarini karatasi zilizochapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe. Alidhani nitawashia moto. Nimezishona kwa uzi wa gunia, na humu nitaweka yale ambayo nikiyasema kanisani nitaitwa mchonganishi, na nikiyameza yatanichoma tumbo. Mungu ayasome kwanza, kisha anihukumu taratibu.

Leo nimeanza darasa la watoto wadogo kibarazani kwangu. Mwalimu Gershom mwenyewe ndiye aliyenikabidhi, maana shule yetu ya kanisa imejaa. Amenipa watoto, hakunipa sileti hata moja ya kuandikia. Sileti ni za vijana wakubwa wanaongoja mtihani.

"Wadogo waimbe tu, Mama Gona," aliniambia. "Ba be bi bo bu. Mkono utafuata."

Utafuata wapi? Mimi nilisoma madarasa manne kule kwetu Kaloleni. Mwaka mzima niliimba ba be bi bo bu, sauti yangu ikawashinda wote, na siku niliyoambiwa niandike "maji" nililia. Maji niliyoyateka kila asubuhi sikuyajua ubaoni.

Jumatano, 31 Machi

Nimechunga mchanga mweupe nikaumwaga kwenye ungo. Mtoto anashika kitu, anakitaja, kisha anakiandika kwa kidole, halafu kwa chelewa iliyochomolewa kwenye ufagio. Kuku. Jembe. Moto (huo hatukuushika). Akikosea anapangusa kwa kiganja, mchanga unasahau, anaanza tena. Kioko, mtoto wa yule Mkamba wa reli, ameandika "kuku" mpaka kuku wenyewe wakaja kutazama.

Ijumaa, 2 Aprili

Jua kali. Muhogo na chai ya rangi. Mahindi bado ni ya kupanga foleni.

Alhamisi, 8 Aprili

Nina hasira, nayo haitaki kukaa.

Mwalimu Gershom alipita akasimama uani, mikono nyuma. Akatazama ungo wangu. "Mbona wanachezea mchanga?"

"Wanaandika, Mwalimu."

"Wameshamaliza silabi?"

"Wanaandika maneno wanayoyajua. Silabi zimo ndani."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu wa chuo. "Mama Gona, nyumba huanza na msingi. Wewe waanza na paa." Akaenda zake. Jibu lilinijia ameshafika kwenye kona, na kumpigia mtu kelele mgongoni si adabu.

Mtoto aliyeniumiza zaidi ni Nyamvula, mjukuu wa mzee Jefwa mgema. Mwalimu alipokuja, aliketi na neno lake mbele, "mvua", limenyooka vizuri kuliko mstari wa askari, na Mwalimu hakulitazama. Nyamvula hasemi sana. Katika kuimba mdomo wake hufunguka bila sauti, ndiyo maana wamemhesabu mjinga. Lakini mpe chelewa uone.

Baba yake ameniambia waziwazi. Akipata nafasi shuleni muhula ujao, abaki. Asipopata, kuna nyumba mjini inatafuta msichana wa kulea mtoto, watamlisha huko. Ana miaka saba, labda minane. Sikumlaumu baba, maana mwaka huu kila sufuria inalia. Ila nasema hapa, mbele za Mungu, kwamba mtoto huyu nafasi yake ni shuleni, na mwenye kuandika majina ya shule ni Gershom.

Nimemwombea Gershom usiku. Nimemsamehe.

Ijumaa, 9 Aprili

Nimeamka, msamaha haupo. Nimeanza upya.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua.

Jumanne, 13 Aprili

Mvua. Kibaraza kinavuja pande zote, mchanga umekuwa uji. Watoto wamejibana ukutani kama vifaranga. Tumeimba. Nilijisikia nimemwimbia Gershom.

Jumatatu, 19 Aprili

Jirani yangu Mwanarehema ameniokoa. Alileta vitumbua, akatukuta tumekaa bure.

"Mwenzangu, hawa mbona wamekaa kama watu wa matanga?"

Nikamweleza. Akaniambia kwao, kwenye chuo cha Kurani, watoto huandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi, wakishahifadhi huosha. "Nyinyi mwataka sileti ya Ulaya. Masufuria yako hayana masizi? Mkaa huna?"

Sikuwa na mbao, lakini nyumba ninayo. Nimewagawia watoto vipande vya mkaa, nikawaambia kila kitu waandike juu ya kitu chenyewe. Mlangoni pakaandikwa "mlango". Mtungi, kiti, kinu, dirisha. Kwenye kinu Kioko aliandika kubwa mno, herufi ya mwisho ikazunguka ikakutana na ya kwanza. Sasa mtoto akinywa maji analisoma neno kabla ya kumeza.

Mwarandu aliporudi kutoka kazini akasimama nje. "Naingia kwangu au naingia kitabuni?"

"Ingia, baba Gona. Wewe hujaandikwa."

"Nina bahati," akasema, akavua viatu.

Jumapili, 25 Aprili. Pasaka

Bwana amefufuka. Mvua haikuturuhusu kuandamana. Nimemwombea Gona wangu aliye jeshini.

Alhamisi, 29 Aprili

Jua limetoka mchana. Nyumba imejaa maneno mpaka darini. Nyamvula akaniuliza, "Na huko nje, mama?" Nikafurahi kusikia sauti yake, nikamjibu, "Nje pia vitu vina majina." Mkaa haukuonekana vizuri kwenye magome, basi nikawapa chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta. Jioni njia yote ya kwenda kisimani ilikuwa inasomeka.

Jumanne, 4 Mei

Leo nitamaliza penseli.

Alfajiri nilisikia hodi ya kiume, nzito. Mzee Jefwa yuko uani na wagema wenzake, vibuyu vitupu, visu vya kotama kiunoni. Salamu zake zilikuwa fupi, na huyu ni mzee ambaye kwa kawaida huuliza hali ya kila kuku.

"Mayo," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, mama, ingawa naweza kuwa binti yake, "nani amefunga dawa kwenye minazi?"

Nikaelewa. Kwetu mtu akiogopa wezi hufunga kirapho kwenye mnazi, dawa ambayo anayepanda bila ruhusa huvimba. Na wao wameona alama nyeupe kwenye kila mnazi wanaogema.

"Si dawa, baba. Ni neno tu."

"Dawa gani isiyokuwa na neno?"

Nikamwita Nyamvula. Babu yake akashtuka kumwona ana chokaa kwenye kucha. Tukaenda sote mpaka kwenye mnazi wa kwanza.

"Soma," nikamwambia.

"Mnazi."

"Na huu?" akauliza Jefwa.

"Mnazi."

"Na ule kule?"

"Mnazi, babu. Yote ni minazi."

Mzee akachuchumaa, akautazama mnazi kwa muda mrefu. Nilidhani tumemaliza.

"Nimesikia," akasema. "Ni jina lake. Lakini mnazi huu tangu upandwe haujaitwa na mtu. Leo umeitwa. Sasa utaitika lini? Mimi nikiwa juu?"

Wagema wakatikisa vichwa. Hakuna aliyepanda. Hakuna tembo la mnazi lililogemwa Magogoni leo.

Niseme ukweli. Miaka nimemwomba Mungu azuie tembo hapa kwetu. Amejibu kwa mkono wa mtoto, ila sikujua jibu litakuja na kesi. Kufikia adhuhuri walikuwa wamepita kwangu wanaume wangapi sijui, na wengine ni wa kanisani, wale wanaoimba besi, wakiniuliza habari za minazi kwa uchungu kama wa ndugu. "Ati Mama Gona, minazi ina nini?" Nikawajibu haina kitu, imeandikwa tu. Nani alisema Wakristo hatuna haja na minazi? Leo nimewajua wote wenye haja.

Mwanarehema alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Nilikwambia andika mtungi wako. Sikukwambia uandike minazi ya watu."

Jumatano, 5 Mei

Mvua asubuhi, na baada ya mvua bwana Matano, msimamizi wa shamba. Mwenyewe shamba anakaa mjini, sisi sote tumejenga juu ya ardhi yake, na kanisa pia, na akitaka hutuondoa.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Gona, mimi nakuheshimu. Lakini desturi ya pwani waijua. Mti ukitiwa alama, umepata mwenyewe mpya."

"Ile si alama, bwana Matano. Watoto wameandika mnazi."

"Leo mwaandika mnazi. Kesho mtaandika wangu."

Katika hasira zote nilizonazo tangu masika haya yaanze, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa alikuwa na haki. Nilipaswa kuuliza. Nilifundisha watoto kwamba kila kitu kina jina, nikasahau kuwa kila kitu kina mwenyewe.

Jumapili, 9 Mei

Wazee wa kanisa wamekaa. Mimi nimesimama.

Gershom alisema, "Neno la Mungu limehubiriwa hapa miaka na hatujashtakiwa. Mama Gona amehubiri mnazi siku moja, tunatishiwa kufukuzwa." Watu wakacheka. Ningekuwa si mimi ningecheka pia.

Kisha akaacha mzaha. Akasema wale watoto hawajajifunza kitu, wamechezea mchanga, mkaa na chokaa za watu, na kanisa haliwezi kupoteza kiwanja kwa ajili ya mchezo. Kosa la minazi nimelikubali mbele ya wote. La mchezo sikulikubali. Nikamwambia, "Mwalimu, waite uwape neno lolote." Akasema wakati hautoshi. Wakati wa kuwafungia darasa ulitosha.

Darasa limesimama. Padri akija Pentekoste atalifunga kabisa au atalifungua, na majina ya muhula ujao yatasomwa siku hiyo. Watoto wangu hawamo. Nyamvula hayumo. Na nimeagizwa nioshe minazi.

Jumatatu, 10 Mei

Tumeosha. Mvua ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi. Nyamvula hakukubali kupangusa neno kabla hajalisoma. Mnazi, anapangusa. Mnazi, anapangusa. Babu yake alisimama mbali akiwa ameshika kotama, na tulipomaliza mti wa mwisho akangoja kidogo, akapanda.

Jumanne, 11 Mei

Mvua. Nimemsamehe Gershom.

Jumatano, 12 Mei

Mvua. Sijamsamehe.

Alhamisi, 20 Mei

Nimekuta jambo ambalo sikulitafuta. Nilikuwa natoka kisimani mvua ikimwagika, nikamwona mtu juu ya paa la shule, peke yake, anachomeka makuti. Gershom. Koti lake halikuwa mwilini. Nikachungulia ndani, nikaona limefunika sileti mezani, limezifunika kama mtoto aliyelala.

Nikamshikia ngazi. Aliposhuka hakuona haya kuniambia. Vijana wake wakianguka mtihani, shule inaondolewa mwalimu, na shule isiyo na mwalimu ni banda. "Sileti ni chache, Mama Gona. Nimnyang'anye nani?"

Nimerudi nyumbani na hasira yangu, lakini imetoboka mahali.

Hata hivyo nasema. Hofu yake naielewa. Kuwaita watoto wangu wachezaji bila kuwatazama, hiyo sijaielewa.

Jumatatu, 24 Mei

Matano ametuma salamu. Minazi ni safi, hana kesi, mradi tusiandike tena kitu kilicho cha shamba.

Alhamisi, 27 Mei

Mama yake Nyamvula alikuwa anafua kanzu mbili za mtoto. Nikamuuliza mbona mvuani. Akasema hazitakauka kwa siku moja, bora aanze mapema. Wanamngoja kule mjini baada ya Pentekoste.

Sikula jioni. Mwarandu akaniambia, "Kasirika, lakini kula." Nikamwambia haviendi pamoja.

Jumatano, 2 Juni

Mvua imepungua. Nyamvula alikuja kuteka maji, akasimama mbele ya mtungi wangu. Neno limefifia. Akachukua mkaa jikoni, akalikoleza, akaenda zake.

Alhamisi, 10 Juni

Kila mwaka kabla ya Pentekoste wanawake tunakandika upya sakafu ya kanisa. Udongo, kinyesi cha ng'ombe, maji, na magoti. Wanaume hawaingii mpaka ikauke. Na kila mwanamke akimaliza sehemu yake huipiga vidole ikiwa mbichi, mawimbi au majani au nyayo za kuku, kama alivyofundishwa na bibi yake. Hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuuliza kwa nini mawimbi. Sakafu ni yetu, wao huitembelea.

Anayetuongoza ni Jumwa, mwanamke mzima, ulimi wake kama mswaki mpya. Tulikuwa na watoto wa kubeba maji. Mama yake Nyamvula alimaliza kipande chake karibu na mlango, akainuka kunyoosha mgongo. Nyamvula akapiga magoti, akakipiga vidole.

Jumwa akaja kukagua. "Mawimbi gani haya?"

"Si mawimbi, bibi," akasema Nyamvula. "Ni maji."

Jumwa akanitazama. Naapa sikuwa nimemtuma, na sikutikisa kichwa upande wowote. Niliogopa. Tumeshaosha minazi, tukaoshe na kanisa?

"Yasema maji kweli?"

"Yasema maji," nikajibu.

Akaizunguka ile kazi, akaitazama kutoka juu, akaitazama kutoka mlangoni. "Mimi nimechora mawimbi tangu niolewe, hakuna aliyewahi kuniambia ni maji mpaka nimweleze. Haya yajisema yenyewe." Akawageukia wanawake. "Mwenye mtoto wa kibaraza cha Mama Gona amlete. Udongo haungoji."

Nikasema, "Mama Jumwa, Mwalimu atakasirika."

"Amekandika yeye?"

Basi wakaja. Kioko, Nguma, wote, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. Nilikataza neno moja tu, jina la Mungu, lisije likakanyagwa. Mengine yote waliyaandika, kila mtoto katika kipande cha mama yake, na Kioko, ambaye mama yake yuko bara, katika kipande cha Jumwa. Kuku. Moto. Mama. Jembe. Mvua. Wanawake ambao hawajawahi kushika kalamu waliniuliza, "Langu lasema nini?" nikawaambia, wakajiambia wenyewe wakirudi nyuma kuelekea mlangoni, wasilikanyage.

Jumamosi, 12 Juni

Jua. Jumwa amefunga mlango wa kanisa kwa kamba na ameketi nje.

Jumapili, 13 Juni. Pentekoste

Jumwa alisimama mlangoni akatangaza sakafu bado mbichi kidogo, kila mtu avue viatu. Kila mtu akavua, Padri kwanza. Akaingia, akainamisha kichwa, na sisi tukadhani anaomba. Hakuinua. Alikwenda mpaka madhabahuni hatua moja moja, midomo ikienda, na nyuma yake mkutano mzima ukifanya vile vile, wanaojua wakisoma na wasiojua wakiuliza. Ibada ilichelewa kuanza.

Mwalimu Gershom aliingia wa mwisho, viatu mkononi. Nilimtazama, Mungu anisamehe, sikumtazama mwingine. Alisimama penye "maji". Kisha akapita akiyaruka maneno, hakukanyaga hata moja, kama mtu anayeruka madimbwi.

Baada ya ibada wazee walibaki kusikia hukumu ya darasa. Niliitwa.

Padri akamuuliza Gershom, "Hawa walioandika ni wa darasa gani?"

"Hawana darasa, Padri. Tulilifunga."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na sakafu imekandikwa lini?"

"Alhamisi."

Padri akainamia tena sakafu. Mzee mmoja akakohoa, akasema wapo wanaofundishwa neno moja la kuonyesha watu, mtoto aweza kukariri umbo lake bila kujua kulisoma. Hapo nilisahau adabu. Nikasema, "Mpeni neno ambalo halimo humu. Mwezi mzima nimeomba watoto hawa watazamwe, na mpaka leo mwatazama miguu yenu."

Aliyejibu ni Gershom. Akamwita Nyamvula kutoka nje, akamwambia polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Andika ngazi."

Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Nyamvula akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi. Sikupepesa jicho. Kisha akachuchumaa pembeni, pale udongo ulipokuwa bado laini chini ya dirisha, akaandika. Alifuta mara moja kwa kiganja, akaanza tena. Gershom akachuchumaa naye kulisoma. Hakusema limekosewa.

Alipoinuka alifungua orodha ya muhula, akaomba kalamu ya Padri, na kwanza aliandika jina la Nyamvula, kisha akanigeukia. "Na wengine, Mama Gona? Nitajie."

Nikamtajia.

Jumatatu, 14 Juni

Darasa limerudi, sasa ndani ya kanisa, asubuhi. Zile kanzu mbili zimevaliwa shuleni, moja leo, moja kesho. Baba yake amepeleka habari mjini watafute mtoto mwingine, na huyo mwingine pia nimemwombea, maana naye yuko mahali fulani.

Gershom ametuletea sileti. Moja. Ina ufa kutoka pembe hadi pembe. Darasa zima, sileti moja yenye ufa, na ameiweka mkononi mwangu kama anayekabidhi mtoto. Nimesema asante. Sikusema zaidi, na kila neno ambalo sikulisema liko hapa kifuani linanichoma.

Nimemsamehe tena leo jioni. Nimeukandika msamaha wenyewe kwa magoti, vizuri, mpaka kwenye pembe. Kama umeshika, nitajua asubuhi.